Tunapoalikwa Kulia Pamoja na Watu wa Dini Nyingine

Masomo: Mwanzo 23:1-20, Mwanzo 25:7-10, Mwanzo 50:1-21, Warumi 12:15

 

Katika toleo hili nataka tuangalie swali ambalo limeletwa mlangoni pangu mara nyingi, hasa na zile familia zetu zilizotoka Kenya mwaka 2008, zikavuka mpaka Busia na Malaba, zikakaa Mulanda katika wilaya ya Tororo, ndipo zikaletwa hapa Kiryandongo. Wengi wetu tuliacha marafiki kule mpakani. Wengine tuliacha makaburi. Basi simu inalia kutoka Busia au Tororo: kuna ibada ya kumbukumbu ya marehemu, njooni. Na katika ratiba ameandikwa padri, ameandikwa sheikh, ameandikwa na mchungaji. Hapo mtu anakuja kwangu na kuuliza: "Mchungaji, niende? Nikisimama pale sheikh akiomba dua, je, nitakuwa nimemkana Yesu?"

Ndugu zetu kutoka Kongo na Sudan Kusini nao wameniuliza hivyo hivyo, kwa sababu katika makazi haya tunachota maji kwenye bomba moja na watu wa kila dini, na tunafiwa pamoja nao.

Hili si swali la kuchekwa. Mtu anayeuliza hivyo anampenda Bwana na hataki kumhuzunisha. Mtu aliyepoteza shamba, nyumba na ng'ombe, akabaki na imani peke yake, lazima ailinde imani hiyo. Kwa hiyo tusimjibu kwa haraka. Tulitazame Neno.

IBADA HIZI ZINATOKA WAPI?

Kwanza tuelewe kwa nini zipo. Kifo hakiulizi mtu ni wa dini gani. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yalilipuka Kampala, kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo na kwenye mkahawa wa Ethiopian Village kule Kabalagala, watu wakiwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 70 walikufa. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la Westgate, Nairobi, watu 67 wakauawa. Wote hawa hawakuwa wa kanisa moja, wala wa dini moja. Taifa likitaka kuwalilia wafu wake kwa pamoja, haliwezi kumwita mchungaji peke yake na kumwambia sheikh abaki nyumbani, wala kumwita sheikh na kumwacha padri. Ndiyo sababu viongozi wa dini zote husimama jukwaa moja.

Kule mpakani jambo hili lipo hata ndani ya boma moja. Wanaoijua Busia wanajua kwamba mpaka umepita katikati ya mji na katikati ya ukoo. Wasamia wako upande wa Kenya na upande wa Uganda. Wateso vivyo hivyo. Utakuta mzee ni Mwanglikana, mke wa kaka yake ni Mkatoliki, mtoto mmoja ameoa Mwislamu, na mwingine ameokoka. Mzee akifariki, nani atawaambia hawa wanne walie mbalimbali?

Na sisi tulioikimbia Kenya tuna sababu yetu wenyewe. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Shirika la UNHCR lilikadiria kwamba Wakenya wapatao 12,000 walikimbilia Uganda. Wafu wale walitoka katika makabila mengi. Kumbukumbu yao haiwezi kuwa ya kabila moja wala ya kanisa moja.

PANGO MOJA, MISIBA MITATU

Sasa tufungue kitabu cha Mwanzo. Kuna pango linaloitwa Makpela, karibu na Hebroni. Katika pango hilo moja Biblia inatuonyesha misiba mitatu, na katika kila msiba watu wa Mungu hawakuwa peke yao.

1. Msiba wa Sara (Mwanzo 23)

Ibrahimu alifiwa na mkewe katika nchi isiyo yake. Hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kumlaza. Wapendwa, sisi tunaujua uchungu huo, wa kufiwa ugenini na kutojua utachimba wapi. Ibrahimu akainuka mbele ya maiti akaenda kwa wana wa Hethi, akawaambia wazi kwamba yeye ni mgeni kati yao. Hawakuwa watu wa imani yake. Lakini walimpokea kwa heshima, wakamwambia achague kaburi lililo bora kuliko yote, hakuna atakayemnyima.

Ibrahimu alifanya nini? Hakuwageuzia uso kwa sababu ya miungu yao. Aliinama mbele ya watu wa nchi kwa adabu, mara mbili katika sura hiyo moja. Alikubali pole yao. Wala hakuomba kwa miungu yao, na shamba lile alilinunua kwa shekeli 400 za fedha ili Sara alale mahali pake. Hapa tunajifunza kwamba heshima kwa jirani ni kitu kimoja na ibada ni kitu kingine. Ibrahimu aliwapa watu heshima yao, akamwachia Mungu ibada yake.

2. Msiba wa Ibrahimu (Mwanzo 25)

Mstari wa 9 ni mfupi sana, na wengi wetu huusoma tukipita. Unasema kwamba waliomzika Ibrahimu ni Isaka na Ishmaeli, wanawe wawili, pamoja.

Mkumbuke Ishmaeli alikuwa nani. Alikuwa mtoto aliyefukuzwa nyumbani. Sura ya 21 inatuambia kwamba alitolewa asubuhi na mapema pamoja na mama yake, wakapewa mkate na kiriba cha maji. Maji yakaisha jangwani. Mama akamlaza chini ya kijiti akaenda kukaa mbali, ili asimwone mtoto wake akifa. Mungu ndiye aliyesikia sauti ya kijana na kuwaonyesha kisima. Ishmaeli alikuwa mkimbizi kabla hatujazaliwa sisi.

Na sasa baba amekufa. Ishmaeli anarudi. Anasimama kwenye mlango wa pango, bega kwa bega na yule ambaye kwa ajili yake alifukuzwa. Biblia haisemi kwamba walipatana siku ile. Haisemi walizungumza nini. Inasema tu kwamba walimzika baba yao. Wakati mwingine hicho ndicho watu wanachoweza kwa siku moja, na Roho Mtakatifu ameona kwamba kinafaa kuandikwa.

Waislamu wanamheshimu Ismaili, nasi tunaihesabu ahadi kupitia Isaka. Tofauti hiyo ni kubwa, wala mimi sitaificha. Lakini kitabu chetu wenyewe kinatuonyesha wawili hao wakishika jeneza moja.

3. Msiba wa Yakobo (Mwanzo 50)

Yakobo alikufa Misri, nchi ambayo familia yake iliikimbilia kwa sababu ya njaa. Angalieni wenyeji walivyofanya. Wamisri walimlilia siku sabini. Yusufu alitaka kumpeleka baba yake Kanaani, lakini alihitaji ruhusa; akatuma maneno kwa Farao, akaahidi kwamba akishazika atarudi. Nani kati yetu hakuwahi kusubiri kibali cha kusafiri, matanga yakiendelea mahali pengine? Farao akamruhusu, na zaidi ya hapo watumishi wake na wazee wa Misri wakaenda pamoja na Yusufu, na magari na wapanda farasi. Walipofika kwenye uwanja wa kupuria nafaka wa Atadi, wakaomboleza siku saba, maombolezo makubwa hata Wakanaani wakashangaa na kupaita mahali pale kwa jina la maombolezo ya Wamisri.

Je, Yusufu na ndugu zake waliwaambia Wamisri, "Ondokeni, machozi yenu ni ya watu wasiomjua Mungu wetu"? Hapana. Waliyapokea. Lakini someni mpaka mstari wa 13. Waliomchukua Yakobo na kumweka pangoni ni wanawe, kama alivyowaagiza, katika pango la Ibrahimu na Isaka. Maombolezo yalikuwa ya wote. Lakini tumaini lilikuwa la wale walioijua ahadi.

Pango hilo lipo mpaka leo mjini Hebroni. Wayahudi wanaomba upande wao na Waislamu upande wao, na askari wenye bunduki wanalinda. Tarehe 25 Februari 1994 mtu mmoja aliingia pale na silaha akawaua Waislamu 29 wakiwa katika sala. Mahali ambapo ndugu wawili walisimama kumzika baba yao pamekuwa mahali pa damu. Ndivyo inavyokuwa watoto wanaposahau walivyozika pamoja.

JE, HUKO SI KUFUNGWA NIRA?

Wazee wengine wa kanisa hunikumbusha 2 Wakorintho 6:14, pale Paulo anapotukataza kufungwa nira pamoja na wasioamini. Wana haki ya kukumbusha, na neno hilo lina nguvu leo kama zamani. Lakini tufikiri nira ni nini. Waliolima kwa ng'ombe wanajua. Ng'ombe wawili wakifungwa nira, hakuna mmoja anayekwenda kwa nia yake. Mmoja akienda kombo, mwingine anavutwa. Kwenda msibani si hivyo. Unakwenda kwa miguu yako, unakaa, unafariji, unarudi kwako ukiwa ni wa Kristo kama ulivyotoka. Paulo huyo huyo, katika barua ya kwanza 10:27, anawaruhusu Wakorintho kukubali mwaliko wa asiyeamini na kula chakula chake bila kuulizauliza. Na kwa Warumi aliandika kwamba tulie pamoja na wanaolia. Hakuongeza "wakiwa wa kanisa letu".

Wengine wanaogopa kwamba watoto wataona dini zote ni sawa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa yake ni kumfundisha mtoto kabla ya kwenda na baada ya kurudi. Mtoto ambaye imani yake inalindwa tu kwa kutomwona Mwislamu akiomba, tutamfungia wapi? Nje ya mlango wetu wapo.

Niwaulize swali lingine. Tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa hapa Uganda, siku ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 wakati wa Idi Amin. Pamoja naye waliuawa mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na huyu Oboth-Ofumbi alikuwa mwana wa Tororo, Mpadhola. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Mwili wa askofu haukuletwa Namirembe, lakini waumini walikusanyika wakamlilia, kaburi lililochimbwa likiwa tupu. Leo siku hiyo ni ya Waganda wote. Mwislamu akija kusimama nasi siku hiyo, tunafurahi, tunasema ametuheshimu. Basi Bwana wetu alisema nini katika Mathayo 7:12? Tunayotaka kutendewa na watu, ndiyo tuwatendee.

Tukumbuke pia basi la Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015 watu wenye silaha walisimamisha basi karibu na El Wak, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki Januari 2016. Sasa niambieni: familia ya mwalimu huyo ikisoma hitima na kuwaalika Wakristo waliosafiri katika basi lile, je, wakatae kwa kusema dini yetu hairuhusu? Mimi siwezi kuyasoma maneno ya Yesu juu ya Msamaria na kisha nikawaambia wakatae.

MPAKA UKO WAPI?

Mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia. Zamani ulipanga foleni upande mmoja, ukavuka, ukapanga tena. Sasa maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Lakini kila mmoja ana muhuri wake. Ofisa wa Kenya hagongi muhuri wa Uganda, wala wa Uganda hagongi wa Kenya. Paa ni moja, mihuri ni miwili, na hakuna anayechanganyikiwa.

Wapendwa, nendeni kwenye kumbukumbu kwa namna hiyo. Kaeni chini ya paa moja, lakini muhuri wenu ni Kristo, wala msiukope wala kuuazima. Nitasema kwa vitendo, maana wengi wameniomba hivyo.

Moja. Nenda kwa nia safi. Katika 2 Samweli 10, Daudi alituma watu kumfariji Hanuni mfalme wa Waamoni alipofiwa na baba yake, lakini Waamoni wakawadhania kuwa wapelelezi. Msiba ni mahali ambapo watu hupima nia. Usiende kutafuta kura, wala msaada, wala kuhesabu makosa ya wengine.

Mbili. Wengine wakiomba, nyamaza kwa heshima. Simama wanaposimama, keti wanapoketi. Akina mama, jifungeni leso kichwani; mkielekezwa pa kukaa, kaeni. Mkiambiwa mvue viatu, vueni. Hiyo ni adabu ya nyumba ya watu. Lakini usiitikie "Amina" kwa neno usiloliamini. Ukimya wako si kumkana Yesu. Moyoni mwako mwombe yeye awafariji wafiwa.

Tatu. Tusidhani tofauti iko kwa sheikh peke yake. Padri naye atawaombea marehemu, nasi katika kanisa letu hatufanyi hivyo. Sikiliza kwa heshima, na ufuate unachokiamini. Na ikiwa katika boma fulani kutafanyika jambo la kuita mizimu, au kumwaga pombe chini kwa ajili ya wafu, sogea kando polepole bila kelele. Hapo unakumbuka wale vijana watatu wa Danieli 3. Waliifanya kazi ya mfalme miaka mingi bila ugomvi, lakini walipoambiwa kusujudu, magoti yao hayakupinda.

Nne. Ukipewa nafasi ya kusema, usimfiche Bwana wako. Soma zaburi, omba kwa jina la Yesu, sema tumaini la ufufuo, na uwe mfupi. Waliokualika wanajua kwamba wewe ni Mkristo. Hawatashangaa ukiomba Kikristo. Wakati huo si wa kubishana na sheikh wala kuwaita watu mbele waokoke huku mjane hajajua atalala wapi. Mtazameni Yesu kaburini kwa Lazaro, Yohana 11. Umati ulikuwa mchanganyiko. Kuna waliomwamini, na kuna waliokwenda kumshitaki kwa Mafarisayo siku ile ile. Yeye alimwambia Martha kweli yote juu ya ufufuo na uzima, akalia machozi, akamwomba Baba kwa sauti mbele ya watu wote. Hakuogopa kulia na hakuona haya kuomba.

Tano. Usiende mikono mitupu kama una chochote. Sukari kilo moja, mchele kidogo, kuni, au nguvu zako za kuchota maji. Kule mpakani mwaka 2008 hatukuulizwa dini kabla ya kupewa uji. Nakumbuka mama mmoja wa Busia aliyejifunga buibui akigawa maji kwa kikombe kimoja cha plastiki, akianza na watoto. Jina lake sikulijua. Alichotupa hakikuwa na masharti.

Sita. Tusihukumiane. Warumi 14 inatufundisha kwamba aliye na dhamiri dhaifu asivunjwe. Kama ndugu ametoka katika Uislamu juzi, na akirudi pale anaona anavutwa nyuma, mwacheni abaki akiomba. Kama mwingine anakwenda, msimwite msaliti. Naamani alimwambia Elisha kwamba kazi yake itampasa kumshika mkono bwana wake mpaka ndani ya nyumba ya Rimoni, na akaomba asamehewe. Nabii hakumwekea sheria ndefu. Alimwambia aende kwa amani.

NENO KWA WALIOJERUHIWA

Sasa niseme lililo gumu zaidi. Nimegundua kwamba wengi wanaoniuliza habari za sheikh, mioyoni mwao wana swali lingine. Hofu yao kubwa ni kukaa benchi moja na watu wa kabila lililowafukuza. Na watu hao hawana kanzu wala kofia ya Kiislamu. Wana Biblia mkononi na majina ya ubatizo kama yetu.

Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kenya Assemblies of God kule Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu ndani waliokimbilia usalama, wengi wao wanawake na watoto. Haukuwa ugomvi wa Uislamu na Ukristo. Ulikuwa ugomvi wa kura, wa ardhi na wa kabila, katika nchi ambayo wengi wanajiita Wakristo, na Wakristo walikuwepo pande zote mbili. Hili linatupasa kunyenyekea. Tusisimame mlangoni pa kumbukumbu tukiuliza kama dua ya Mwislamu itatutia unajisi, hali tunajua kwamba moto ule ulishikwa na mikono iliyowahi kushika kitabu cha nyimbo.

Basi itakuwaje ukifika Tororo, kwenye kumbukumbu, ukamwona mtu wa upande ule ameketi akilia? Huenda naye alipoteza mtoto. Sikuambii ukimbie kumkumbatia. Mbele ya Mungu siwezi kukuwekea sheria ambayo Mungu hakuiweka katika Mwanzo 25. Simama tu. Simama kama Ishmaeli alivyosimama. Kama hata hilo ni zito mno kwa mwaka huu, baki nyumbani, uwashe taa, utaje majina ya watu wako mbele za Bwana. Naye anasikia kutoka huko pia, kama alivyomsikia kijana chini ya kijiti.

Na tusidanganyane kwamba ibada moja inamaliza mambo. Mwanzo 50 haiishii kaburini. Baada ya kuzika, ndugu zake Yusufu waliingiwa na hofu: baba hayupo tena, sasa atatulipiza. Walilia siku sabini pamoja, na bado kulikuwa na neno halijasemwa. Ndipo walipomwendea wakaomba msamaha, naye akalia, akawaambia kwamba yeye hayuko mahali pa Mungu, akaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Kumbukumbu haifuti haki. Haichukui nafasi ya kuungama wala ya mahakama. Inafungua mlango tu, kwa sababu ni vigumu kwa watu ambao hawajawahi kulia pamoja kuja kuambiana kweli.

HITIMISHO

Wapendwa, jibu langu kwa wanaouliza ni hili: nendeni. Nendeni mkiwa Wakristo kamili. Pelekeni machozi, sukari na mikono ya kusaidia, na mkipewa nafasi, pelekeni jina la Yesu bila aibu na bila fujo. Hatuombolezi kama watu wasio na tumaini, 1 Wathesalonike 4:13. Lakini Paulo hakusema kwamba tusiomboleze. Mwenye tumaini ndiye anayeweza kukaa karibu na kaburi la mtu yeyote bila kuogopa, kwa sababu anajua kaburi lipi lilibaki wazi siku ya tatu.

Na tuombe: Bwana Mungu wa Ibrahimu, uliyemsikia Ishmaeli jangwani na kumkumbuka Yusufu Misri, uwafariji watu wetu waliozikwa mbali na kwao na sisi tuliowaacha njiani. Utupe moyo wa kulia na jirani, na imani isiyotikisika. Uwaponye wale ambao bado hawawezi kurudi wala kusamehe. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi cha maombi:

1. Kwa nini Ibrahimu alikubali heshima ya wana wa Hethi, lakini akalinunua shamba mwenyewe?

2. Unadhani Isaka na Ishmaeli waliambiana nini walipotoka pangoni?

3. Katika mtaa wetu ni nani amefiwa mwezi huu ambaye hatujamtembelea kwa sababu si wa kanisa letu? Nani atakwenda, na lini?

Wenu katika kazi ya Bwana,
Mchungaji